Mke wa Kaluki

Siku ya soko mjini Kitui, mwezi wa Julai mwaka wa themanini na nne, foleni ya Studio ya Kivuva ilikuwa ndefu kuliko ya duka la unga. Duka halikuwa na unga. Studio ilikuwa na mto.

Mto wenyewe ulikuwa wa rangi, umechorwa kwenye kitambaa cha amerikani kilichofunika ukuta mzima wa nyuma. Uliteremka kutoka vilima vya kijani, ukapita katikati ya miti yenye majani mapana, ukaishia nyuma ya benchi alipoketi mteja. Nje, mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Ng'ombe walikufa wakiwa njiani kupelekwa mnadani, na watu walikuwa wameibatiza njaa ile Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu hata mwenye noti mkononi hakuona mahindi ya kununua. Basi watu wakafanyaje? Walivaa nguo za Krismasi wakaja kupigwa picha kando ya maji. Cheka ukitaka, lakini wewe hukuwepo.

Kavata ndiye aliyeuchora mto huo. Alisimama karibu na pazia, kitana mkononi, gauni lake la maua ya njano likiwa na madoa ya rangi kiunoni, akiwatengeneza wateja kola na nywele kabla hawajapigwa. Zamu ikamfikia mwanaume mrefu mwenye shati la rangi ya machungwa, kola pana, na suruali iliyobana mapajani ikapanuka chini. Masikioni alikuwa na vumbi la mahindi ya njano, yale ya msaada.

"Dada, hii mto ni ya wapi?"

"Ni ya kuketi mbele yake. Keti."

"Mimi nimekuja picha ya leseni."

"Ya leseni inataka ukuta mweupe. Toka hapo."

"Nataka hapa hapa. Serikali ijue nimetoka wapi. Hii mto ni ya kwetu Kikima, huko Mbooni. Sijui nani amewaambia."

Kavata akamgeukia. "Nimechora mimi, na Kikima sijafika. Hata mto yenye maji inatembea sijawahi ona. Kwetu Kanyangi mto ni mchanga, ukitaka maji unachimba."

"Sasa umechoraje kitu hujaona?"

"Kidogo nilitoa kwa kalenda. Ile ingine nilitoa kwa kiu."

Mwanaume yule, aliyeitwa Mwangangi, dereva wa lori la chakula cha msaada, aliutazama mto tena. Akaketi.

Nyuma ya kamera, chini ya kitambaa cheusi, alikuwa Kaluki, mwenye studio, mama wa miaka sitini hivi aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Kwenye kioo cha kamera ile kuukuu watu huonekana miguu juu, kichwa chini. Kaluki alikuwa amewazoea hivyo, na alipenda kusema kwamba mtu humjui mpaka umwone amepinduliwa. Siku hiyo alimtazama Mwangangi aliyepinduliwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kidevu juu, mwana wakwa," alisema, kama anamwita mwanawe. Kisha, baada ya kubonyeza, "Kavata, mpe kijana chai."

Kavata akampa chai.

Na hapa lazima uambiwe jambo ambalo Mwangangi hakuambiwa. Kavata alikuwa mke wa mtu, na mume wake alikuwa Kaluki.

Usishtuke, kwa Wakamba si jambo geni. Mwanamke akikosa mtoto, na bwanake akiwa amekufa, anaweza kuoa. Huenda kwa wazee, hutoa mahari, huchinjiwa mbuzi, na msichana aliyeolewa huja nyumbani kwake. Msichana huyo hupata watoto na mwanaume atakayekubalika, lakini watoto hawana jina la mwanaume huyo. Ni watoto wa nyumba. Kivuva, marehemu mume wa Kaluki, alikuwa mpiga picha wa kwanza katika mtaa ule, akafa bila kumwachia mkewe mtoto hata mmoja. Ndugu zake walikuwa wakiitazama ploti ile ya studio kama fisi anavyomtazama ng'ombe mgonjwa. Kaluki akaenda Kanyangi, akamwoa Kavata.

Kavata alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alipokea ng'ombe, akamwambia ashukuru Mungu kwa sababu bwana wa namna ile hapigi mtu. Ilikuwa kweli. Kaluki hakumpiga, alimlisha, alimfundisha kuosha picha, na alipogundua kwamba mkono wake unajua kuchora alimnunulia rangi. Lakini chumba cha studio kilikuwa na dirisha moja, nalo lilipigiliwa mbao ili mwanga usiingie picha zikioshwa, na Kavata alikuwa amekaa humo miaka minne akichora vilima. Safari zake zilikuwa kwenda kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekufa wote kwa ukame, kwa hivyo hata wazee wangeketi tena kuivunja ndoa, hakukuwa na cha kurudisha. Jioni nyingine alisimama mbele ya kitambaa chake mwenyewe akiwa amekasirika, kwa sababu watu wote walikuja kuketi mbele ya ile nchi na hakuna aliyewahi kuingia.

Mwangangi alirudi wiki iliyofuata, bila sababu ya leseni.

"Umekosea mahali moja," alimwambia. "Hapa kwa mawe maji haikai kimya. Inavunjika, inakuwa nyeupe, inapiga kelele."

"Kelele nitachoraje?"

"Hiyo ni kazi yako. Mimi ni dereva."

Siku hiyo Kaluki alikuwa ameenda mazishini Matinyani, na hakuna aliyemwambia Kavata apike chai. Alipika.

Simu katika safu ile ya maduka ilikuwa moja, kwenye duka la dawa la Nzuki, mlango wa pili. Mwangangi akaanza kupiga kutoka kila posta barabarani, na Nzuki akaanza kuita, "Kavata, simu," kwa sauti ya kusikika mpaka stendi.

"Kavata wa mto."

"Nani mwenzangu?"

"Kwani uko na wengi?"

"Niko na foleni. Sema jina niangalie kama uko."

"Niko Kibwezi. Nimeota nakunywa chai yako."

"Chai ya ndoto haina sukari."

"Ilikuwa na sukari, dia. Nilikuona ukikoroga na kidole."

"Mwangangi, kuna watu hapa."

Watu wenyewe walikuwa Nzuki, ambaye alipanga chupa za dawa ya kikohozi, akazipangua, akazipanga tena. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na muuza dawa ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia.

Hayakuwa mapenzi ya sukari peke yake. Siku moja Kavata alitoka nje kumwaga maji machafu akaliona lori limesimama, limejaa magunia meusi.

"Umebeba nini?"

"Makaa. Lori haiwezi kurudi Nairobi tupu, mwenyewe atanifuta."

"Ni ya wapi?"

"Huko chini, Kanyangi side."

Kavata aliweka ndoo chini. "Kwa hivyo ukikuja unatuletea chakula, na ukirudi unabeba mvua yetu."

"Si mimi nakata miti, Kavata."

"Na si mimi nakula hiyo nauli."

Alirudi ndani. Mwangangi alibaki ameshika mlango wa lori, amekasirika, na hasira ile aliibeba mpaka Nairobi pamoja na makaa. Aliporudi alikuwa na tawi la mti wa mukau lenye majani yake. Alimwambia kwamba amemwambia mwenye lori atafute dereva mwingine wa kubeba makaa, na mwenye lori amemtukana lakini hajamfuta. Tangu siku hiyo, badala ya marashi na vitambaa vya kichwa, alimletea matawi. Kila alikopita alisimamisha lori akavunja kijiti kimoja, akamletea pamoja na maneno ya wazee wa pale, kwamba mti huu ulikuwa mwingi hapa, kwamba chini ya huu kulikuwa na chemchemi. Kavata akafuta miti ya kalenda kitambaani, mmoja mmoja, akaweka miti yenye majina. Wateja wakaanza kugombana kwenye foleni juu ya nani aketi karibu na mti gani, na mama mmoja akalia kwa sababu ya mtini wa kwao uliokatwa.

Kavata alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na mdudu ndani. Kaluki alianza kununua nyama siku za lori. Alimshonea Kavata rinda jekundu. Alihamisha kitanda chake kutoka chumba cha nyuma, akakiweka mbele karibu na kamera, akisema huko nyuma kuna joto.

"Huyu ana mwili na ana adabu," alimwambia Kavata, akiweka ugoro puani. "Sikuchagua vibaya."

"Mwaitu, wewe ndiye ulichagua?" Hivyo ndivyo Kavata alivyomwita, yaani mama kwa Kikamba.

"Kwani nani alisema apewe chai?"

Hakuna linalouma kama kusukumwa mahali ulipokuwa unakwenda kwa miguu yako. Kavata alitaka kumwambia Mwangangi kila kitu, na kila mara alipofungua mdomo aliogopa kwamba atafunga pia ule mlango mdogo aliokuwa nao.

Aliyeufunga ni Nzuki. Mwishoni mwa Agosti, hotelini, mbele ya wanaume wanaokula, alimpiga Mwangangi begani akamwambia hongera, kijana amepata malisho bila kujenga boma. Mwangangi aliuliza maana yake, akaelezwa taratibu, na kila mtu mezani akaongeza chumvi yake.

Akaja studio na kofia mkononi. Wateja walikuwa wameisha.

"Kavata, wewe ni mke wa nani?"

Aliweka brashi chini. "Wa Kaluki."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka."

"Lini? Mtoto akishaitwa Kivuva?" Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kavata. "Nimeambia mama yangu habari yako. Nimeambia mchungaji. Kumbe hapa mimi ni ndume ya kukodi."

"Usiseme hivyo."

"Basi jibu moja tu. Hiyo siku ya kwanza, ile chai. Ilikuwa yako ama yake?"

Angeweza kudanganya, na mapenzi mengi yanaishi miaka kwa uongo mdogo kuliko huo. Kavata hakuweza.

"Chai ya kwanza nilitumwa. Ya pili sikutumwa."

"Na mimi nitajuaje ya pili ilianzia wapi?"

Alisimama na rinda lake jekundu aliloshonewa na bwana wake, mikono imelowa kijani, akamtazama mtu anayempenda akivaa kofia. Baada ya hapo lori la chakula liliendeshwa na dereva mwingine, na simu ya Nzuki ikalia kwa ajili ya watu wengine.

Kavata hakulia mbele ya mtu. Alichukua kipande kipya cha amerikani akapigilia ukutani, akachora. Safari hii hakutoa kitu kwa kalenda wala kwa kiu. Alichora mto wa Kanyangi kama ulivyo, mchanga mtupu na shimo lenye maji chini kabisa, na mgongo wa mwanamke ndani ya shimo. Alichora visiki. Alichora magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, na ng'ombe amelala na mbavu zake zote.

Kaluki aliondoa pazia akasimama.

"Nani atalipa apigwe picha na njaa?"

"Hakuna hata mmoja. Lakini mimi nimechoka kudanganya watu, Mwaitu."

"Shusha hiyo kitu."

Kabla hakijashushwa aliingia mzee Ndululu, mfugaji asiyekuwa tena na mfugo, amevaa koti la harusi yake. Alitazama mto wa kijani, akatazama ule mwingine, akachukua kiti akakiweka mbele ya mchanga. Alisema kijana wake yuko Mombasa na anadhani baba anatia chumvi kwenye barua. "Nataka aone mahali niko," alisema, "na aone bado nimeketi." Baada yake wakaja wengine. Si wote, wengi bado walitaka maji. Lakini kila siku ya soko walikuwepo waliochagua ukavu, na hao hawakucheka kwenye picha, walitazama kamera moja kwa moja. Kaluki aliwapiga picha. Kavata alimwona jioni akikiangalia kitambaa kile kwa macho yake, bila kamera, watu wakiwa wamekwenda.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba moyo wa mama yule ulilainika hapo. Wiki iliyofuata alimwalika mchinjaji Mutiso.

Mutiso alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye wake wawili, aliyepaka mafuta nywele kwa heshima ya siku ile. Aliketi mbele akizungusha pete kidoleni. Kaluki akaja nyuma na trei, vikombe juu.

"Mpelekee chai."

Kavata aliitazama trei. "Hapana."

"Nimesema umpelekee mgeni chai."

"Mwaitu, kuosha picha nitaosha. Kuchora nitachora. Ukiugua nitakubeba mgongoni. Hii chai sipeleki."

Kaluki akaketi kwenye kitanda cha Kavata. Alipozungumza ilikuwa kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie. Alisema ndugu za Kivuva wamekuja mara nyingine. Alisema yeye akifa kesho, asubuhi yake Kavata atatupwa nje na brashi zake, na jina la Kivuva litafutwa pale juu ya mlango. "Unadhani nakufungia mimi?" alisema. "Tumefungiwa sote wawili humu, mwanangu. Mimi natafuta ufunguo tu." Kavata alimhurumia, na huruma ile ndiyo iliyombana kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa aliyemfunga hakuwa mtu mbaya. Mutiso alikunywa chai iliyoletwa na Kaluki mwenyewe, akashukuru, akaenda.

Mwishoni mwa Oktoba Nzuki aliita, "Kavata, simu," na safari hii kwa sauti ndogo, maana hata yeye alikuwa na dhamiri mahali fulani.

"Halo?"

Hakukuwa na mtu, ni mshindo tu, kama mahindi yanamwagwa kwenye karai bila kukoma. Kavata akakibana kipokezi sikioni.

"Umesikia?" Ilikuwa sauti ya Mwangangi, kwa mbali. "Niko posta ya Kikima. Nimetoa simu kwa dirisha. Hiyo ni mvua kwa mabati."

Kavata alifumba macho. Nzuki akaacha chupa zake.

"Kavata, uko?"

"Niko. Acha kuongea. Wacha nisikie."

Alisikiliza mpaka mtambo ukalia kudai hela zaidi, na Mwangangi akaongeza.

"Nilikosea," alisema. "Uliniambia ukweli nikakupiga nao. Ungetaka kunishika tu kama ndume, ungesema chai zote ni zako."

"Imekuchukua miezi miwili kuhesabu chai mbili."

"Sisi madereva hatukusoma sana." Akaongeza sarafu nyingine. "Mchungaji anasema kanisani wewe hujaolewa na mtu. Panda gari kesho, ukuje."

"Mchungaji hajakula chakula ya Kaluki miaka nne. Mimi nimekula. Sitatoroka kama mwizi. Njoo uongee naye."

Akaja, na suti ya kukopa. Kitui pia ilikuwa imenyeshewa, na uwanja wa studio ulikuwa matope. Kaluki alimkaribisha kwenye benchi la wateja, kati ya kamera na mto.

"Mama, nimekuja kuomba."

"Kuomba nini? Mlango nilikufungulia tangu Julai."

"Nataka mke. Sitaki mlango."

Kaluki alitoa ugoro, akautazama, akaurudisha. Alikuwa ameyafikiria maneno yake. "Basi mchukue, umpeleke kanisani kwenu. Lakini mtoto wa kwanza wa kiume ataitwa Kivuva na atalelewa hapa. Wale wengine ni wako."

Mwangangi aliinamisha kichwa. Kavata alimwona akipima, na alipokiinua kichwa alijua atasema nini.

"Mama, hiyo tunaweza kuzungumza."

"Hapana," alisema Kavata.

Wote wawili walimgeukia, kana kwamba kiti kimesema.

"Mnagawa mtoto hajakuwa hata damu. Mimi baba alinitoa kabla sijaulizwa, najua hiyo chumba ilivyo. Siwezi kutoka ndani niache mtoto rehani." "Mwaitu, nitaenda. Mwangangi, ukitaka nitakuja kwenu, na ukishaongea tena juu ya tumbo yangu bila mimi, nitatoka kwenu pia."

Mwangangi alisema, "Nimesikia," na akaona aibu ya kweli.

Kaluki hakupiga kelele. "Nenda," alisema. "Lakini mimi nilikuoa mbele ya wazee. Huko kanisani huwa wanauliza kama kuna mtu ana neno. Nitakuja, na nitakuwa na neno."

Hivyo Kavata alitoka Kitui akiwa bado amefungwa. Huko Kikima alipangiwa kukaa kwa Muthoki, shangazi yake Mwangangi, wakati kanisa likiwatangaza Jumapili tatu kama desturi. Mchungaji na wazee walikuwa wamesema wazi kwamba akitokea mtu na neno la kweli, ndoa haifungwi. Muthoki hakujua kukaa kimya, na asubuhi ya kwanza alimpeleka kuuona mto. Kavata alishuka bonde mbio, akasimama. Maji yalikuwepo, yakitembea, yakivunjika meupe kwenye mawe, lakini mto mzima angeuvuka kwa kuruka.

"Ilikuwa kubwa," alisema Mwangangi nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa. "Nikiwa mdogo ilikuwa inabeba kondoo."

"Walimaliza msitu huko juu, wakapanda maharagwe," alisema Muthoki. "Maji ilikuwa inafika pale, kwa ile jiwe. Na pale tulikuwa tunaogopa kupita, kulikuwa giza ya miti."

Kavata alimwambia aonyeshe tena, polepole. Siku zile za kungoja alichora kwa makaa kwenye magunia yaliyopasuliwa, Muthoki akisema mti ulikuwa hapa, Kavata akiuweka, majirani wakija kubisha na kurekebisha, mpaka mzee mmoja akasema afadhali wapande miche badala ya kubishana juu ya gunia. Wengine walicheka. Wengine walikwenda kutafuta mbegu. Lakini mkono wa Kavata ulichora huku sikio lake likingoja Jumapili.

Ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu, kanisa likiwa limejaa mpaka milangoni, mchungaji alisoma majina, akauliza kama kuna mtu anayejua sababu ya kuizuia ndoa hii, na benchi la nyuma upande wa akina mama likalia.

Kaluki alikuwa amesimama. Gauni la buluu, sweta, kipochi mkononi, viatu vimejaa matope ya safari.

"Mimi niko na neno."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye bwana yake."

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka, maana walijua. Kavata alishika ukingo wa benchi na kujiona amerudi kwenye chumba chenye mbao dirishani.

"Nilimwoa Kanyangi, wazee wameketi, mbuzi imechinjwa," alisema Kaluki. "Kwa hivyo hapa hakuna mtu anaweza kumtoa isipokuwa mimi. Hata wewe mchungaji, na kitabu yako." Alipumua. "Shemeji zangu walikuja juzi na kamba, kupima ploti. Nikawaambia wangoje, nitaenda kumleta mke wangu awaambie kitu. Halafu nikakaa nikafikiria atawaambia nini, nikaona sina kitu nataka aseme. Nilikuwa nataka tu asimame kwa mlango. Na mtu haoi mtu ili awe kufuli."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nyumba ya Kivuva itaisha na mimi. Hiyo tutaongea mimi na Kivuva tukionana. Huyu msichana nimemwacha. Andika."

Mchungaji aliangalia kitabu chake cha matangazo, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, hakuona mahali pa neno kama hilo. Akakifunga. Kaluki akaketi.

Kavata aliinuka kutoka ubavuni pa Mwangangi, akapita katikati ya kanisa zima likimtazama, akaenda kuketi nyuma karibu na Kaluki.

"Rudi kwa mwenzako," alinong'ona Kaluki. "Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie."

"Nimetembea kuja kukuacha, sio kukaa na wewe."

"Umeshaniacha, Mwaitu. Hapa nimejiletea mwenyewe."

Mbele, mchungaji alikuwa ameanza wimbo ili apate la kufanya. Kaluki alitazama moja kwa moja madhabahuni. Alifungua kipochi, akakifunga.

"Nani atanizika?"

"Mimi," alisema Kavata. "Na Mwangangi atachimba."

Kaluki akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.